Gari Alilolisukuma Mke Wangu

Inasemwa mtaani kwetu hapa Nakuru, na nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu nikiwa nimefungwa taulo shingoni kwa kinyozi, kwamba mkaguzi mstaafu wa magari alitaka kujiundia gari la mbio la kifahari, akashindwa, akaishia kwenye kobe. Habari hiyo ni potofu tangu mwanzo hadi mwisho. Sikushindwa. Wala sikuishia popote; nilichagua. Na huyo kobe anayechekwa, lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, alishiriki mbio za magari za Safari kabla wengi wa wanaocheka hawajazaliwa. Kwa kuwa hakuna aliyejitolea kueleza mambo haya kama yalivyokuwa, nitayaeleza mimi.

Maisha yangu ya kazi yalikuwa chini ya magari. Nilivaa koti jeupe la serikali, nikashika tochi na nyundo ndogo, nikaingia uvunguni mwa malori na mabasi kugonga, kusikiliza, na mara nyingi kukataa. Watu hudhani mkaguzi huyachukia magari. Daktari hawachukii watu kwa kuwaambia kwamba wana presha. Mimi niliyapenda magari kiasi kwamba sikuweza kununua hata moja, maana nilijua mno hali ya yale yaliyokuwa yakiuzwa. Na kwa kuwa gari la ofisi halikuwa langu, mke wangu hakuwahi kulipanda. Kulikuwa na asubuhi nilizompita akiwa amesimama kituoni na kikapu chake, nami nikampungia mkono kwa heshima zote nikaendelea na safari ya kikazi. Kanuni ilikuwa kanuni. Naye hakulalamika, ila alikuwa na namna yake ya kunipungia mkono.

Nilipostaafu niliazimia kwamba gari letu la kwanza lisiwe gari la hivi hivi.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Nilikulia Ndabibi, ng'ambo ya machweo ya Ziwa Naivasha, ambako baba yangu alikamua ng'ombe wa maziwa kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Mbio zilipopita huko, shule nzima ilipanda kwenye ukingo juu ya barabara kutazama. Siku moja niliona vumbi likipasuka na pua ikachomoza: ndefu, nyeupe, yenye taa zilizofichwa ndani ya mashavu. Ikapita pua, ikapita tena pua, na hatimaye gari lenyewe likafuata. Lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, na mwaka ule lilishinda. Nilirudi nyumbani nikiwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi, nikaapa kwamba siku moja nitakaa nyuma ya pua ile.

Sasa, gari kama hilo halinunuliki tena. Yaliyobaki yamehifadhiwa kama mboni ya jicho na watu wasiopenda hata kuyaendesha. Lakini wenye shauku huwa na njia. Huchukua sakafu, magurudumu na injini ya gari la kawaida lililozeeka, huutupa mwili wake, na badala yake huvika bodi mpya ya faiba iliyofinyangwa kwa sura ya gari maarufu la mbio. Ukiliangalia unaona ushindi wa zamani. Ukilipeleka sokoni kununua sukuma wiki, linakwenda. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na kobe kama huyo ndani ya ghala lake la viazi huko Dundori, juu ya mji. Kutu ilikuwa imekula mabawa yote ya juu ya magurudumu na nusu ya milango, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Lakini niliingia uvunguni na nyundo yangu. Sakafu ililia vizuri. Injini, baada ya kusafishwa na kubembelezwa, ilikohoa, ikashika.

"Chukua, Shem," aliniambia. "Lakini kuku niachie."

Hapo ndipo shida ya kuchagua ilipoanza, kwa sababu kila mtu alikuwa na gari lake kichwani.

Shemeji alitaka lile la Kifaransa, la milango minne. "Hilo lilikuwa linashinda bila makelele. Na nyuma unapakia gunia tatu."

"Hilo ni teksi," nilimjibu. "Nimelikagua mara zisizohesabika likiwa na abiria tisa. Siwezi kujenga gari la mbio kisha watu wanisimamishe barabarani waniulize kama nafika Eldoret."

"Wakikusimamisha si utapata ya mafuta?"

Fundi wa faiba, mwanamke wa makamo mwenye karakana kule Salgaa, alikuwa na maoni mengine. Kazi yake ni kuwaundia madereva wa malori yale mabao ya kukata upepo yanayowekwa juu ya kichwa cha lori, na harufu ya resini yake huifikia barabara kuu kabla hujamwona mwenyewe. "Mzee, fanya ile nyekundu ya Kiitaliano," alinishauri. "Ile iko chini kama mkeka. Watu watakuja kupiga picha mpaka wachoke."

Nilimweleza kwamba kati ya nyumba yangu na barabara ya lami kuna matuta, yaliyowekwa na wakazi wenyewe bila kibali cha mtu yeyote, na kwamba mkeka ungekwama juu ya tuta la kwanza kama daraja.

Msimamo wangu mimi haukubadilika. Pua ndefu. Nilikuwa na picha zake, nilikuwa na vipimo vyake, na ili nisipoteze wakati nilimwagiza fundi aanze na sehemu hiyo, kabla mambo mengine hayajaamuliwa. Nililiona jambo hilo kuwa la busara. Bado sioni ubaya wake mkubwa.

Mke wangu hakuwa amechagua lolote. Kila tulipozungumza juu ya gari, alikuwa akimenya minji na kuzitupa bakulini. Nilimwambia, "Mama watoto, hili litakuwa letu wawili. Siku ya kwanza nitakuzungusha ziwa lote, hadi Ndabibi."

"Nitapanda nikiliona," alinijibu.

Mtu aliyeishi na mke kwa muda mrefu kama mimi anajua tofauti kati ya ndiyo na nitapanda nikiliona. Lilinikaa. Gari la watu wawili ambalo mmoja wao hapandi ni gari la ofisi tu kwa sura nyingine.

Kwa hiyo niliamua kufanya uchaguzi kwa utaratibu, jinsi ukaguzi unavyopaswa kufanywa. Siku ya Jumamosi tulikwenda Dundori, nami nikaomba debe la majivu kutoka jikoni. Nikiwa na tepu na kamba, nilichora uwanjani pale, kwa majivu, magari manne kwa ukubwa wake halisi: la Kijapani, la Kifaransa, la Kiitaliano, na pembeni kobe mwenyewe, kwa ajili ya kulinganisha tu. Ndani ya kila mchoro niliweka viti vya kukalia, na kila kiti nilikipandisha au kukishusha kwa matofali na magunia mpaka kilingane na kimo cha kiti cha gari husika. Ng'ombe wawili walikuja kutazama wakafukuzwa. Fundi alikuwa amefika na pua, imefungwa kichwa chini juu ya lori la rafiki yake, na majirani waliosikia kwamba kuna pua ya gari inayosafiri peke yake walikuwa wameifuata.

Tuliishusha tukaiweka mahali pake kwenye mchoro. Lazima niseme ukweli: ilipendeza. Mkunjo wa mashavu, mashimo ya taa, kila kitu. Nilisimama nyuma yake nikawa tena na vumbi kwenye nyusi.

"Nimekutolea safi ama?" fundi aliuliza.

"Safi kabisa."

"Lakini injini si iko nyuma?"

"Iko nyuma."

"Sasa huku ndani yote kutakuwa na nini?"

"Gunia la viazi," shemeji alidakia, na majirani wakacheka.

"Gurudumu la akiba," nilisema kwa sauti ya kutosha, "jeki, spana, na mizigo ya safari."

"Na hewa," mke wangu aliongeza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza juu ya ile pua.

Sikufurahi. Katika utumishi wangu niliyakataa magari mengi kwa kosa la kujifanya: basi lililopakwa rangi juu ya nyufa, lori lililorefushwa bila kuimarishwa. Nilishika msimamo kwamba umbo la gari liseme kilichomo ndani yake. Na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mashahidi nikitetea pua tupu. Lakini niliitetea, maana mtoto wa Ndabibi alikuwa bado amesimama ukingoni.

"Njoo uketi," nilimwambia mke wangu. "Jaribu kwanza ndipo uhukumu."

Alikuja. Kiti cha gari lile kiko chini mno. Ukikikalia, magoti yako yanakuwa juu ya kiuno. Yeye ana goti la kushoto linalomsumbua tangu alipoanguka kwenye ngazi za kanisa. Alijishusha taratibu akiwa ameshika bega langu, akakaa juu ya gunia lile, akakunjua miguu kuelekea kwenye pua. Akatazama mbele kama abiria. Kisha akataka kusimama, akashindwa. Akajaribu tena. Shemeji alimshika mkono huu, mimi ule, tukamvuta, naye akainuka akicheka mpaka machozi yakamtoka, akijipangusa majivu kwenye sketi.

"Baba watoto, tukifika Ndabibi utaniteremsha na winchi?"

Majirani walilipenda neno hilo. Mimi sikucheka. Niliona wazi, kama ninavyoona ufa kwenye ekseli, kwamba nikilijenga gari lile nitaliendesha peke yangu, naye atakuwa anapunga mkono.

Bila kuombwa, alitembea hadi kwenye mchoro wa pembeni, ule wa kobe, akakaa. Kiti kilikuwa wima, kimo cha kiti cha jikoni. Alikaa, akasimama, akakaa tena, akakunja nne.

"Hapa sasa," alisema.

"Huyo ni kobe," nilimwambia. "Tumekuja kuchagua gari la mbio."

"Kobe ni gari la mbio. Mimi nimelisukuma."

Hapa ni lazima nieleze desturi moja ya Dundori ambayo siiungi mkono. Zamani, mbio zilipopangwa kupita huko juu na mvua ikakataa kunyesha, wenyeji walikuwa wakifungua mfereji wa shamba usiku wa kuamkia siku hiyo, maji yakaingia barabarani, na asubuhi pale kwenye mteremko pakawa na tope la kumeza ng'ombe. Magari yalikwama. Wanakijiji, ambao kwa bahati walikuwa wamefika na kamba na gambuti, waliyasukuma. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka tu kuyagusa. Hata hivyo, kuelekeza maji kwenye barabara ya umma ni kosa, lilikuwa kosa wakati ule, na nimelisema hivyo katika kila sherehe ya upande wa ukweni tangu nilipooa.

"Yale makubwa yote yalipita," mke wangu alieleza, akiwa bado ameketi ndani ya majivu. "Lile lako likapita pia, wala halikukwama, lilipaa tu. Watu wakaanza kurudi nyumbani. Kisha kobe akaja peke yake, wa mwisho, bila hata wa kumpigia makofi. Akazama. Tuliobaki tulikuwa wasichana tu na mama yangu. Nikaweka mabega yangu pale nyuma, kwenye kifuniko cha injini, kilikuwa moto kama sufuria. Tukasukuma. Alipotoka, akanimwagia tope kutoka hapa mpaka hapa. Kwa yunifomu ile nilichapwa kiboko shuleni. Na dereva akatoa mkono dirishani akanipungia, mimi, si mtu mwingine."

Alinitazama.

"Lako ulilitazama. Langu nililisukuma."

Katika kazi yangu nimepokea pingamizi nyingi, za wenye mabasi, za mawakili wao, na mara moja za mheshimiwa mmoja. Hakuna iliyokuwa na uzito wa ile. Nilichukua ufagio nikafuta magari matatu.

Kwa hiyo tulimjenga kobe. Msomaji mwenye haraka atauliza: mlimtoa kobe ghalani ili mjenge kobe? Ndiyo, na si jambo dogo. Kilichokuwa ghalani kilikuwa banda la kuku. Tulichokitaka ni kobe wa mbio kama alivyopita siku ile, na kila sehemu ilibidi iundwe: mabawa manne ya faiba kutoka Salgaa, mapana kuliko ya kawaida, kifuniko cha mbele na cha nyuma, milango iliyozibwa matundu ya kutu kwa bati jipya, taa kubwa za ziada puani, zimefunikwa kwa wavu kwa ajili ya mawe, vipande vya mpira vya kuzuia matope, na magurudumu mawili ya akiba yaliyofungwa juu ya keria. Rangi alichagua yeye, kijani cha majani ya viazi. Fundi alisikitika kidogo kuhusu ile pua, lakini haikupotea. Shemeji aliigeuza, akaiweka juu ya nguzo nne langoni, na leo mikebe ya maziwa hukaa chini yake ikisubiri gari la ushirika bila kupigwa jua. Nikipita huitazama. Ni pua nzuri sana.

Tulikwama mahali pamoja tu. Gari la mbio huwa na mduara mweupe mlangoni, na ndani yake namba. Nilimwuliza mke wangu ilikuwa namba gani.

"Sikuiona. Ilikuwa imejaa tope."

"Kumbuka vizuri. Tarakimu moja au mbili?"

"Tope, Baba watoto. Namba ilikuwa tope."

Shemeji akapendekeza tuandike yoyote, nani atajua? Mimi ningejua. Siwezi kulipatia gari rekodi isiyo yake; dereva yule alikuwa na namba yake, na kama haijulikani, basi haijulikani. Niliamuru mduara upakwe na uachwe mtupu. Hilo pia limechekwa kwa kinyozi. Wanasema mzee alisahau.

Nilimpeleka kobe kwenye ukaguzi kama raia yeyote, nikapanga foleni. Kijana aliyeingia uvunguni hakunijua. Alitoka akaniambia taa ya kuangazia plati ya nyuma haiwaki, nirudi nikishaitengeneza. Nilimshukuru kwa mkono. Angelipitisha gari lile na taa imezimika, ningehuzunika mwaka mzima.

Siku ya safari ya kwanza, baada ya ibada, sikumpeleka Ndabibi. Tulipanda Dundori, tulikoalikwa chakula cha mchana. Nilivaa suti na tai. Mke wangu alifungua mlango wake mwenyewe, akakaa kama aliyekaa jikoni, akaweka mkoba mapajani. Kobe alipanda kilima kwa gea ya pili, akiguruma nyuma yetu, na watu wa kando ya barabara walinyanyua mikono. Mke wangu alinyanyua wake kwa kila mmoja. Mara moja alisema, "Kumbe hivi ndivyo kulivyo huku ndani," nami nikajifanya kusikiliza injini.

Mvua haikuwa imenyesha kwa majuma. Vumbi lilitufuata hadi kwenye mteremko wa mwisho kabla ya lango la shemeji, na hapo, katikati ya ukame, kulikuwa na tope. Jeusi, linalong'aa, upana wa barabara nzima. Juu ya ukingo walikuwa wamesimama shemeji na wazee wa rika lake, wana gambuti miguuni na kamba mabegani, wakiangalia mawingu kama watu wasio na habari.

Nilikanyaga mafuta. Kobe aliingia, akateleza, akazama.

"Mlifungua mfereji!" nilipaza sauti kupitia dirishani. "Hii ni barabara ya umma!"

"Karibu, Shem!" shemeji aliitikia. "Hatungewaacha mpite hivi hivi!"

Nilimgeukia mke wangu nikamwambia atulie, nitawaelekeza wafunge kamba mbele. Yeye alikuwa ameshafungua mlango. Upande wake palikuwa na nyasi kavu. Alikanyaga hapo, akashika mkono wa kaka yake aliyeshuka ukingoni, akazunguka mbele ya gari bila kujali tope mpaka upande wangu, akasimama kando ya usukani.

"Shuka," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Mimi nilishasukuma. Leo ni zamu yako."

Leseni anayo, katika usichana wake aliendesha pikapu ya ushirika wa maziwa kwenye barabara hizi hizi. Sikuwa na sababu ya kisheria ya kukataa. Nilishuka na viatu vyangu vilivyong'arishwa, vikapotea. Nikaweka mabega kwenye kifuniko cha nyuma, na kwa kweli ni moto kama sufuria. Wazee wakajipanga kushoto na kulia kwangu. Mmoja wao akaniuliza kama natoa risiti kwa kazi hiyo.

"Sukuma, mkaguzi!"

Nilisukuma. Gurudumu la nyuma lilizunguka mahali pamoja, likatafuta, likapata jiwe, na lile tope lote lilinipanda kuanzia tai hadi nywele. Kobe akatoka. Akapanda mteremko kwa gea ya kwanza, akabadilisha ya pili vizuri, bila kukwaruza, akapita lango na pua ya mikebe ya maziwa. Dirishani ulitoka mkono wa mke wangu, ukanipungia, mimi, si mtu mwingine.

Alisimama juu pale, injini ikiwa inaguruma, nami nikapanda kwa miguu nikichuruzika, nikitayarisha maneno ya kumwambia kaka yake juu ya sheria za barabara. Nilipofika kwenye mlango wa kobe niliyasahau. Ule mduara mweupe ulikuwa haupo. Ulikuwa umejaa tope lote, ukingo hadi ukingo, kiasi kwamba hata kama ingekuwepo namba, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuisoma.

"Si nilikuambia?" mke wangu alisema.

Shemeji alileta ndoo na kitambaa. Nilimzuia. Namba ilikuwa sahihi kabisa, kwa mara ya kwanza.